Kiti cha Dereva

Baba alipofariki, gari lake lilibaki kwangu. Kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea upande wa mlango, maana miaka yote marehemu aliendesha akiwa ameegemea huko, akiipumzisha nyonga iliyowahi kuvunjika. Sponji lilikuwa limeoza, likimwaga unga wa njano sakafuni. Kila nilipokaa nilitumbukia kwenye shimo lake.

Nikalipeleka gari kwa fundi mmoja wa makochi mjini Bukoba. Alikitoa kiti, akavua kitambaa, akakata sehemu iliyooza, akabandika kwa gundi kipande kipya kigumu, kisha akakichonga kwa kisu mpaka kikalingana na upande wa pili. Niliondoka pale nimekaa wima, nimefurahi.

Nilikuwa nakwenda Buganguzi kumchukua mama. Kabla sijafika Muleba mjini, nikahisi kiti kinashuka polepole upande wa mlango, kama kitanda kinavyoshuka mtu mwingine akikaa ukingoni. Nikasimama, nikashuka, nikakipapasa. Kilikuwa sawa kabisa.

Mama alikuwa kibarazani akichambua maharage. Aliposikia gari aliinuka ghafla, maharage yakamwagika.

"Mbona umekaa hivyo?" aliniuliza.

"Kawaida tu, mama."

Alifungua mlango wa nyuma akapanda, ingawa mbele kulikuwa wazi.

Kesho yake nikarudi kwa fundi kulalamika kwamba sponji limebonyea tena. Akakaa yeye, kiti hakikushuka. Akalaza ubao juu yake, ukatulia bila kuinama.

"Hebu kaa wewe, dada."

Nikakaa. Alinitazama kwa muda kupitia kioo cha mbele.

"Kiti ni kizima," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe ndiye unayelala upande. Uliwahi kuvunjika nyonga?"

"Sijawahi."

Akafuta gundi mikononi, akaniambia hana cha kutengeneza.

Gari bado ninalo. Mama siku hizi hupanda nyuma tu. Majuzi tulikuwa tunatoka Kashozi kwenye mvua, akaanza kusimulia kwa Kihaya habari za migomba iliyoangushwa na upepo, na mbuzi wa jirani aliyeingia shambani. Akauliza kama kahawa ivunwe sasa au isubiri. Nikataka kumjibu.

"Ngoja, mwanangu," akasema kwa upole. "Siongei na wewe."

Nikaendelea kuendesha.