Kinyozi, Seremala na Kiti cha Jimbo

Kabla ya kuwa mbunge alikuwa kinyozi, na hata baada ya vipindi vitano bungeni watu wa jimbo walizidi kumwita Kinyozi. Ushindi wake wa kwanza hakuupata kwa hotuba. Mtu akishawekewa wembe shingoni, huwa vigumu kwake kukataa ombi la kura.

Miaka yote mpinzani wake alikuwa mmoja, Seremala, mume wa dada yake. Uchaguzi wa kwanza Seremala aliangushwa vibaya. Wa pili alichelewa kurudisha fomu kwa kuwa alikuwa akimalizia jukwaa la kampeni la Kinyozi; kazi ni kazi. Wa tatu nusura ashinde, kisha mkewe akakiri kwamba kura yake alimpa kaka yake.

"Ukienda bungeni," alimwambia, "kabati langu atalimaliza nani?"

Wa nne na wa tano mambo yakawa yale yale.

Mwishowe Kinyozi akachoka. Alikwenda karakana kumpa shemeji yake habari njema kwamba hagombei tena. Seremala akaweka randa chini.

"Sasa mimi nishindane na nani?"

"Utapita bila kupingwa, shemeji."

"Watu watasema kiti nimekiokota. Gombea, nikushinde vizuri."

"Mgongo unaniuma."

"Utapumzika nikishakushinda."

Kinyozi akamwonea huruma, akachukua fomu. Kampeni zikapamba moto. Walirushiana vijembe majukwaani, kila mmoja macho kwa mwenzake, wala hakuna aliyemtilia maanani mkunga wa zahanati aliyekuwa akipita mlango kwa mlango akiwasalimia watu aliowapokea duniani kwa mikono yake. Siku ya kura akawabwaga wote wawili.

Matokeo yalipotangazwa, mashemeji walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya ukumbi.

"Mimi nimekuwa wa ngapi?" Seremala aliuliza baadaye.

"Wa pili."

"Na wewe?"

"Wa tatu."

Seremala akafikiri kidogo. "Basi nimekushinda."

"Umenishinda, shemeji. Hongera."

Seremala akainuka, akanyoosha shati, akashika njia ya nyumbani akiwapungia watu mkono. Kinyozi akaingia ukumbini kumpongeza Mkunga, akamchorea kwa kidole hewani ni kiti kipi bungeni ambacho ukikikalia feni haikupigi mgongoni.