Maziwa Yaliyojitenga

Juzi nilikuwa kliniki ya watoto hapa Bagamoyo, nimempeleka mjukuu kupimwa uzito. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa bibi wa Kaole. Amempakata mtoto anayelia kwa njaa, na chupa ya maziwa ameishika mbali na kanga yake kama iliyotiwa sumu.

Mkwewe, mama wa mtoto huyo, ambaye ni mwalimu, aliingia akihema kutoka shuleni.

"Shikamoo mama. Mbona hujampa?"

"Marahaba. Nimpe haya? Maji chini, mafuta juu, na yananuka sabuni! Nayamwaga. Kuanzia leo tumpe ya ng'ombe."

Binti akaipokea chupa kwa mikono miwili. "Mama, niliyakamua kifuani jana yakakaa kwenye friji. Yakitulia, mafuta hupanda juu. Hiyo harufu nayo huja yakikaa. Yangeharibika, yangenuka uchachu."

Akaizungusha chupa taratibu, bila kuitikisa, mpaka mafuta yakachanganyika na maziwa yakawa rangi moja. Akadondosha tone kiganjani, akaonja. Bibi naye akakinga kiganja. Akaramba, akakunja uso, akaramba tena.

"Hayajachacha," akakiri. "Haya, mpe."

Mtoto alinyonya mpaka akasinzia, na benchi zima tukapumua.

Zamu yao ilipofika, nesi akauliza mtoto anakula nini mama akiwa kazini. Bibi akamwahi mkwewe.

"Maziwa ya mamake. Na wewe mwanangu, ukiyaona yamejitenga usibabaike. Yazungushe tu."

Nesi akaitikia kwa adabu, "Ahsante, bibi, nimejifunza."