Ng'ombe wa Tuisheni ya Kawajense

Saa tisa na nusu alasiri, Mwalimu Immaculata Kalyalya anaandika hesabu za sehemu ubaoni, na nyuma yake ng'ombe anatafuna kikapu. Watoto kumi na wanne waliokaa mikekani wanajua kuwa atakayecheka atatolewa nje, kwa hiyo wanacheka kwa mabega tu.

"Nyie chekeni," anasema Mwalimu bila kugeuka. "Mabaka akimaliza kikapu anahamia kwenye madaftari yenu."

Hii ndiyo tuisheni ya Kawajense, mjini Mpanda, mkoani Rukwa, ambayo haisimami hata shule zikifungwa. Darasa ni banda la nyasi uani kwa Mwalimu. Ubao ni mbao tatu zilizopakwa unga wa betri zilizokwisha. Ada ni shilingi mia tano kwa mwezi, na asiye na hela analeta karanga.

Mwalimu Immaculata, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, anafundisha shule ya msingi kwa mshahara wa shilingi elfu thelathini na nane, ambao ukifika kwa wakati ni sherehe. "Chumvi, mafuta na sabuni vinatoka hapa kwenye mikeka," anasema.

Lakini mwaka huu wa 1996 watu wa Kawajense hawazungumzii ada. Wanazungumzia ng'ombe.

Mwezi Machi, Ndaki Masunga, mfugaji aliyehamia upande wa Kabungu kutoka Usukumani, alifika kwa Mwalimu na binti yake wa darasa la saba, Mbuke. Nyuma yao walifuata ng'ombe mwenye mabaka meusi na ndama wake jike wa wiki tatu.

Kwa Wasukuma si ajabu kumkabidhi rafiki ng'ombe. Rafiki anamtunza na kunywa maziwa, na ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Ndaki aliongeza sharti lake. Mbuke angekaa kwa Mwalimu, asome shuleni asubuhi na tuisheni jioni. Akichaguliwa kwenda sekondari, ndama atakuwa wa Mwalimu. Asipochaguliwa, ng'ombe, ndama na binti wote warudi Kabungu, na Mbuke ashike fimbo ya kuchungia.

"Nilitaka kukataa," anakumbuka Mwalimu. "Mimi Mfipa, baba yangu alilima ulezi. Ng'ombe nilikuwa namjua akiwa kwenye sufuria. Ila nikamwangalia yule mtoto, naona ananikagua mimi kutoka juu mpaka chini, kama vile mimi ndiye niliyeletwa mnadani. Nikampenda hapohapo."

Asubuhi ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Ili ndama asimalize maziwa, Mwalimu alimfunga nyuma ya nyumba, akaketi na ndoo yake. Alikamua hadi vidole vikafa ganzi, na ndoo ikabaki kavu. Jirani yake Mwanaiddi, mwenye mgahawa, alikuwa amesimama uani na birika lake akisubiri maziwa ya chai.

"Mwalimu," aliuliza, "huyo ni ng'ombe au ni ukuta?"

Mbuke alitoka ndani akiwa ameshika mbavu kwa kicheko. Alimfungua ndama, akamwacha anyonye kidogo, kisha akamvuta pembeni. Maziwa yakashuka kwa povu.

"Ng'ombe hatoi maziwa kama hajamwona mwanaye," alimweleza mwalimu wake. "Ulifikiri anakupa wewe?"

Tangu siku hiyo, alfajiri Mbuke alifundisha, na jioni alifundishwa. Mwanaiddi alinunua chupa mbili kila siku kwa shilingi mia tatu, na yaliyobaki waliyanywa watoto wa tuisheni.

Kazi ya jioni ndiyo ilikuwa ngumu. Mbuke aliweza kutupia macho zizi la baba yake lenye ng'ombe zaidi ya mia na kusema nani hayupo. Kwenye karatasi mambo yalikuwa mengine.

"Swali lilisema mfugaji ana ng'ombe sitini, akauza robo yao, amebaki na wangapi," anasimulia Mwalimu. "Mbuke akaandika sitini. Namuuliza kwa nini, ananiambia, 'Mwalimu, hakuna mtu anauza ng'ombe kumi na tano kwa siku moja. Labda ana kesi. Kwani wazee wake wako wapi wamkataze?'"

Swali lililofuata lilikuwa la mtu aliyechinja theluthi ya mifugo yake. Mbuke aliweka kalamu chini, akakataa kabisa kuendelea.

Mwalimu alihangaika wiki mbili, kisha akabadilisha mifugo yote ya kitabuni kuwa mafungu ya dagaa wa Ikola. Dagaa hawakumuuma Mbuke hata kidogo. Aliuza robo, akauza theluthi, akauza wote, na kufikia Julai hakuna aliyemfikia kwa hesabu. Agosti, Mwalimu akaanza kuwarudisha ng'ombe taratibu, wawili kwanza, halafu kumi.

"Nikamwambia, hawa ni ng'ombe wa karatasi. Hawana mama."

Mtihani ulifanyika Septemba, na baada ya hapo ikabaki kusubiri. Mwalimu hafichi kwamba aliogopa. Ndama alishazoea kumfuata hadi dukani. "Lakini ndama ningemsahau," anasema. "Mbuke kurudi kuchunga, na kichwa kile, hilo nilishindwa hata kuliwaza."

Alhamisi iliyopita orodha ilibandikwa. Mwalimu aliisoma mara tatu, kidole kikiwa juu ya jina lilelile. Mbuke Ndaki, shule ya bweni ya wasichana. Vigelegele vya Mwanaiddi viliwatoa wateja mgahawani na maandazi mkononi. Mbuke aliuliza kitu kimoja tu, kama ndama sasa ni wa Mwalimu kweli, kisha akaangua kilio cha furaha.

Jumamosi Ndaki alifika kwa baiskeli. Kila mtu alijua amekuja kumchukua Mabaka, maana mkataba ulikuwa wa ndama tu. Alikunywa maziwa, akafuta mdomo, akasema ng'ombe abaki.

"Kuna mwanafunzi mwingine," alisema. "Ni mimi."

Mwalimu alidhani anatania.

"Huko bweni mtoto ataandika barua," aliendelea Ndaki, macho yakiwa chini. "Nimpelekee nani anisomee? Jirani? Atasoma mambo ya nyumba yangu, kesho nayasikia mnadani. Halafu kuna mengine mtoto anamwambia baba yake tu. Hayo nataka niyasome mwenyewe."

Mwalimu Immaculata anasema ilibidi ajifanye anamfukuza ng'ombe kwenye mikeka. Alipotulia alimuuliza Mbuke barua ya kwanza itafika lini. Wakapiga hesabu pamoja, wakapata mwanzoni mwa Februari. Zimebaki wiki saba.

Ndaki atakuja kila Jumatatu na Alhamisi. Mkekani na watoto amekataa, ataleta kigoda chake. Mwalimu tayari amepanga somo la kwanza.

"Sianzi na a, e, i, o, u, muda hautoshi," anasema, akipangusa ubao kwa kiganja. "Naanza na maneno ambayo najua Mbuke atayaandika juu kabisa ya karatasi. 'Shikamoo, Baba.' Akishaweza hayo, hata mengine yakimshinda, atakuwa amesalimiwa."