Salamu za Andongwisye

Ndandalo nzima hapakuwa na mtu mwenye salamu ndefu kama Andongwisye. Wengine hutupa "ugonile" huku miguu ikiendelea na safari, yeye alisimama. Aliulizia watoto, aliulizia mpunga, aliulizia hata kuku aliyeatamia juzi. Wazee walisema adabu imebaki kwake peke yake, na vijana wenye haraka walimkwepa kwa njia ya nyuma.

Kituo chake kikubwa kilikuwa kwa Rut, mjane aliyeishi katikati ya njia iendayo shamba la kakao la Andongwisye. Rut alikuwa na binti aliyeolewa Karonga, na jino lililomsumbua tangu masika. Andongwisye aliyajua yote hayo kwa kina. Kila asubuhi alisimama uani, akashika mgomba, akauliza. Na Rut, ambaye siku nzima hakuwa na mtu wa kumuuliza chochote, akaanza kumwekea kigoda. Andongwisye hakukikalia hata siku moja. Alisema mwenye safari hakai.

Ukweli ulikuwa ndani ya suruali. Hatua mia mbili tu, na nyama ya mguu wake wa kulia hukaza kama kamba ya ng'ombe aliyegoma. Akisimama dakika tatu, unaachia. Basi alijifunza kusalimu pale mguu unapokaza.

Miaka miwili nyuma alikwenda kwa siri kumwona tabibu Prisca kwenye kituo cha afya. Prisca alimpapasa juu ya unyayo akitafuta mapigo, akayakuta yanagonga kwa mbali sana. Alimweleza kwamba moshi wa sigara, pakiti nzima kwa siku tangu ujana, huingiza kwenye damu sumu inayoula ukuta wa mshipa kwa ndani, kama kutu inavyokula bati. Ukuta ukishachubuka, mafuta hunata, njia ya damu inakuwa nyembamba, na mguu unaotembea unalilia damu isiyofika. Akampa vidonge. Akamwambia aache sigara leo, si kesho, na atembee kila siku: ukiuma asimame, ukiachia aendelee. Asipoacha, vidole vinaweza kuwa vyeusi na mguu ukakatwa. Na awaambie watu wake, wamsaidie.

Hilo la kuwaambia watu ndilo lililomshinda. Ni yeye huyu aliyemcheka shemeji yake Aliko alipoanza kutembea na fimbo, akamwita mzee wa miguu mitatu mbele ya harusi nzima. Sasa angeanzia wapi? Alinyamaza, na kila hofu ya mguu ilipompanda alijificha nyuma ya chanja ya kakao, akawasha sigara kuituliza. Alijua anachofanya. Aliogopa mguu, akavuta. Akavuta, mguu ukazidi. Hakuona pa kutokea.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Andongwisye kilimuumbua kweli, ila hakikuwa kifo chake.

Alifariki Yakobo, rafiki aliyekua naye, na ndugu wakataka mtu wa adabu kama Andongwisye abebe jeneza upande wa mbele. Angekataaje? Aliingiza bega. Mdomoni aliimba na wenzake, moyoni alihesabu hatua. Walipokaribia kwa Rut mguu ukakaza, na kwa mara ya kwanza hakuwa na wa kumsalimu. Mwenye jeneza begani hasimami kuulizia kuku. Alijikongoja hatua kumi zaidi akiuma midomo. Jeneza likayumba, na akaona kabisa jinsi Yakobo atakavyoanguka matopeni kwa sababu ya uongo wake.

"Shusheni," alisema. "Mguu wangu hauendi. Mwaka wa pili huu hauendi."

Wimbo ulikatika. Jeneza likawekwa chini, mwingine akashika nafasi yake, na Aliko akamnyooshea fimbo yake. Pale pale, ameketi kwenye majani, Andongwisye alieleza yote, pamoja na zile salamu. Rut alikuwa upande wa akina mama. Alisikia.

Tangu siku hiyo akisimama watu humwambia "pole, pumzika," wakapita zao. Vijana hawamkwepi tena. Wanamhurumia, na hilo lilimuuma kuliko mguu. Sigara aliziacha. Kwa Rut kigoda hakikuwepo na mlango ulifungwa. Lakini mguu haujui ugomvi; ulikaza pale pale. Asubuhi tisa alisimama uani kwa mtu asiyemtaka, mbele hawezi, nyuma hawezi, akiutazama mlango.

Siku ya kumi Rut alitoka na ungo.

"Salamu zote zile, kaka," alisema. "Zilikuwa za mguu?"

Andongwisye aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. "Zilikuwa za mguu, dada."

Rut alianza kupepeta mchele bila kumtazama. Baada ya muda mguu ukaachia. Andongwisye alijua, na Rut naye alijua, maana kwa miaka miwili alikuwa amezizoea dakika zile bila kufahamu ni za nini. Rut akangoja aondoke.

Hakuondoka. Aliuachia mgomba, akasimama bila kushika kitu.

"Na lile jino?" aliuliza.

Rut aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na kigoda.

"Nililing'oa wiki iliyopita," alisema. "Leo kaa, nikusimulie."