Mbizi ya Juu na Mbizi ya Chini

Mniwie radhi kwa mwandiko huu na kwa herufi nitakazokosea. Shule niliishia darasa la nne, na mkono wangu ni mzito.

Nimeshindana kupiga mbizi tangu sijaota ndevu. Kila mwaka pale ufukweni Raskazone huwa na mashindano, na mshindi hupelekwa Mombasa kushindana na wa huko. Mimi Mombasa sijaiona bado, kwa sababu ya neno hilo hilo mbizi.

Kwetu Mabawa, mbizi ni kuzama na kukaa chini. Anayekawia kuibuka ndiye bingwa. Basi mara ya kwanza nilichupa kutoka jukwaani, nikashika jiwe, nikatulia. Chini ya maji napapenda, hakuna anayenitaka niseme. Nilipoibuka nikakuta wanaume wamejitosa kuniokoa na wanawake wanalia.

Mwamuzi, karani mmoja, alikasirika. "Kijana, hapa tunatazama unavyochupa! Miguu pamoja, maji yasiruke. Ukishazama, kazi imekwisha."

Sasa kwa nini wasitangaze kuchupa? Sikuuliza. Nilisema, "Ndiyo, bwana."

Nikarudi kujifunza miaka na miaka. Mjomba wangu alikuwa akija kunitazama.

"Mpwa wangu, unajifunza kuanguka? Mbona hilo kila mtu analijua?"

Nikavumilia. Mwaka jana nilichupa nikaingia kama tonge linavyoingia kooni, maji hayakuruka. Nikaibuka hapo hapo, natabasamu. Kumbe mwamuzi amebadilishwa, amewekwa mzee wa Tongoni, ameshika saa mkononi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Mbona umeibuka upesi, mwanangu? Maji ya baridi?"

Wakacheka mpaka wale wa nyuma. Safari akapewa mwenzangu aliyekaa chini mpaka macho yakamwiva. Njiani mjomba akaniambia, "Kuanguka umejua, kuzama umesahau."

Tangazo la mwaka huu limebandikwa tena: mashindano ya kupiga mbizi. Basi, hawakuongeza neno. Nilikwenda ofisini kwao kuuliza. Yule karani alipoinua kichwa nikasema nimepotea njia, nikatoka.

Kuuliza kwa mdomo siwezi, ndiyo maana naandika. Nyinyi mnaosoma, hasa wa Mombasa, nijibuni: mbizi yenu ni ya juu au ya chini? Andikeni mapema, maana hata kusoma nasoma polepole, na mazoezi sijui nianzie wapi.