Mashine Iliyoniozesha Mama Mkwe

"Baba Musafiri na bibi yake, sogeeni!" kipaza sauti kiliita siku ya kugawa chakula, na aliyesukumwa kando yangu, mbele ya wakimbizi wote wa Nyamianda, alikuwa mama mkwe wangu! Mimi ambaye tangu nioe sijawahi hata kula mbele yake! Akajifunika uso kwa kitenge. Mwanamke mmoja akapaza sauti: "Prezida, pole na harusi!"

Nilijitakia. Tulipokimbia vita kutoka Sange, nilichaguliwa prezida wa komite ya wakimbizi. Désiré, fundi wa kompyuta za msaada, akatuuliza: programu inayotunza majina yetu, abakize ile ya zamani iliyozoeleka, ao aweke mpya ambayo waundaji wake bado wanaitengeneza?

Nikaruka juu: "Weye! Sisi kila siku tunapewa masalio. Leta mupya!"

"Sawa, prezida. Iko mbio sana!"

Nikapigiwa makofi, nikavimba kama chura wa Ruzizi.

Kumbe mpya ikikuta majina mawili yanayofanana katika nyumba moja, inadhani ni mtu mmoja, inamfuta mdogo, na nafasi yake inampa mkubwa. Na mke wangu na mama yake wote ni Mapendo!

Sasa mama mkwe hatoki nje. Mke wangu hana maharagwe, ananiuliza kama nimemuacha. Mimi nilisema leta, ndiyo. Lakini Désiré, wewe uliyesoma, ulijua haijakomaa, ukaiweka juu ya chakula chetu bila kuijaribu pembeni! Njoo hapa Nyamianda, usimame mbele ya huyo mama, umwambie nani alimuozesha!