Sauti Isiyo na Dokezo

Idara ya Mitihani imetamka, na tamko lenyewe limepigwa mhuri mara mbili lisije likasahau lilikotoka, kwamba mtahiniwa mwenye ugumu wa kusoma atasomewa karatasi yake na msomaji aliyeidhinishwa, na kwamba sauti ya msomaji huyo haitoi dokezo lolote. Haipandi, haishuki, haisiti, haifurahi. Jibu sahihi na majibu ya uongo yatatoka kinywani mwake kama ndugu wa tumbo moja.

Tamko halikusema sauti ya namna hiyo inapatikana wapi. Ilipatikana katika shule moja ya watoto wenye disleksia, chumba cha mwisho ukishapita stoo ya mafagio, kwa mwalimu ambaye wanafunzi walimwita Redio.

Hakuzaliwa hivyo. Waliosoma naye chuo cha ualimu wanamkumbuka kama mcheshi, mwigaji wa wakufunzi, binti aliyeweza kusoma ratiba ya vipindi watu wakashika mbavu. Kisha akapangiwa shule hiyo, kwa watoto ambao akili zao hazina kasoro, ila herufi zikifika machoni pao haziheshimu foleni. B inageuka d, silabi ya katikati inatoroka, na mtoto anayekuelezea jinsi injini ya maji inavyovuta anakwama mbele ya neno “kisima” kama mbele ya mlango uliofungwa kwa ndani.

Kazi yenyewe haina njia ya mkato. Asubuhi kulikuwa na sinia za mchanga, mtoto akichora herufi kwa kidole huku akiitamka. Kulikuwa na herufi zilizokatwa kwenye karatasi ya msasa, na kadi yenye dirisha dogo linaloonyesha mstari mmoja tu, mistari mingine isije ikadandia mazungumzo. Mtoto alilijua neno Jumatatu, na Jumanne akalipita bila salamu kama jirani waliyegombana naye. Mwalimu alianza upya. Shule nzima ilikuwa na uchovu wa kufanana, kama familia yenye pua moja. Mkuu wa shule, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa akisinzia kwenye vikao huku vidole vyake vikigonga silabi mezani. Mpishi hakuandika chakula cha siku ubaoni. Alikichora, na kwa kuwa hakujua kuchora, watoto walikula kila siku kwa mshangao.

Mwaka wa kwanza Redio alipowasomea watahiniwa, alisoma kama binadamu. Msimamizi kutoka Idara, bwana mwenye suti ya kijivu, alimwita pembeni baada ya karatasi ya sayansi.

“Mwalimu, lile swali la moyo na mishipa, ulilipenda sana jibu C.”

Alikana. Msimamizi akamwambia kwa upole kwamba watahiniwa wote walikuwa wameinua vichwa kwa pamoja, kama kuku waliosikia punje zikimwagwa. Matokeo ya darasa lile yalizuiliwa mpaka ilipokaribia muhula mpya, na maneno yakaenea kwamba watoto wa shule ile hawafaulu, wanafaulishwa. Hilo ndilo lililomuuma. Watoto wale walikuwa wameitwa wazembe tangu siku ya kwanza waliposhika kitabu. Leo wamefaulu, na bado kuna wa kusema si wao. Akaapa kwamba hakuna atakayepata nafasi ya kulisema hilo tena kwa sababu ya koo lake.

Akaanza mazoezi nyumbani. Alisoma bei za saruji gazetini, kisha barua ambazo mumewe alimwandikia wakati wa uchumba, zote kwa sauti moja. Mume, fundi cherehani aliyeshonea barazani, alisimamisha mashine.

“Mama watoto, hiyo ya pili ilikuwa na maneno matamu.”

“Yapo yote,” mkewe akajibu. “Nimeyasoma.”

Sauti iliyokufa kwa makusudi haifufuki ukirudi nyumbani. Mjukuu alipozaliwa, alimpongeza mkwewe kwa simu, na mkwe akauliza kwa hofu ni nani amefariki. Wifi yake alimnunia mwaka mzima kwa sababu ya pole aliyopewa msibani, akisema hata karani wa benki angeonyesha huzuni zaidi. Mjukuu alipofikia umri wa hadithi, alimwomba babu amsomee, kwa maelezo kwamba bibi anamsoma simba kama anasoma dawa ya kikohozi. Fundi cherehani aliyazoea. Alikuwa akiwaambia wateja kwamba mke wake akisema chai tayari na akisema nyumba inaungua, yeye hunusa kwanza.

Lakini matokeo hayakuzuiliwa tena. Wanafunzi wake walikwenda vyuo vya ufundi, mmoja akawa muuguzi, na hakuna aliyenyoosha kidole. Msimamizi wa suti ya kijivu aliandika kila mwaka neno lile lile: hakuna dokezo. Hatimaye Idara ikamtuma kijana na mashine ya kurekodi. Redio akasoma karatasi nzima ya zamani, maswali na majibu yake, ili wasomaji wapya wa nchi nzima wapate mfano wa kuiga. Kijana alipovua visikilizio alisema ameshawahi kurekodi sauti ya lifti ya ghorofa iliyokuwa na hisia zaidi. Redio aliichukua kama sifa, na ilikuwa sifa.

Mwaka huo huo koo lilianza kukataa. Kwanza mikwaruzo, kisha sauti ikawa inaondoka mchana na kurudi asubuhi kama kibarua. Aliificha. Mumewe akamkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, akampeleka yeye mwenyewe kwa daktari. Daktari alichungulia, akasema kuna vinundu kwenye nyuzi za sauti, na dawa yake ni kunyamaza mwezi mzima. Asiseme neno, hata kunong'ona.

Mtihani ulikuwa wiki iliyofuata.

Mkuu wa shule alipiga simu Idara kuomba msomaji wa akiba, ambaye kwa mujibu wa mwongozo yupo kila kituo. Akaambiwa ombi limepokelewa na linashughulikiwa kwa uzito unaostahili. Baada ya siku mbili lori likaingia getini. Lilileta madawati mapya, mazuri kwa kweli, yana hata pa kuwekea kalamu. Mkuu aliyatazama, akamtazama Redio.

“Dada, sikulazimishi.”

Redio alipitisha kidole kwenye dawati moja. Alikuwa akimfikiria Wakili.

Wakili alikuwa binti wa darasa la mtihani aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna adhabu aliyowahi kuipokea bila kukata rufaa. Alikuja baada ya shule mbili kushindwa naye. Katika ile ya mwisho alifanya mtihani huu huu bila kusomewa, akakaa mbele ya karatasi mpaka muda ukaisha. Alitaka chuo cha umeme, na umri wa kupokelewa ulikuwa unampita. Asiposomewa safari hii, hakuna nyingine. Nyumbani alikuwa tayari anatengeneza redio za majirani, redio halisi, na alipenda kumwambia mwalimu wake kwamba yeye ndiye pekee aliyemshinda.

Basi akasoma. Siku za kwanza kwa maji ya vuguvugu na ukaidi. Siku ya mwisho, karatasi ya sayansi, sauti ilikatika katikati ya swali ikabaki pumzi. Watahiniwa waliinama mbele. Wakili alitaka kusogeza dawati lake jipya, msimamizi akasema madawati hayasogezwi. Redio akafanya lililobaki: akaingia katikati ya safu na kusimama karibu na kila mmoja, akisoma swali lile lile tena na tena kwa pumzi ile ile, isiyopanda wala kushuka, mpaka swali la mwisho. Msimamizi alimfuata nyuma hatua kwa hatua, akisikiliza. Mwishoni aliandika neno lake la kila mwaka na kumshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Redio aliketi kwenye benchi nje ya stoo ya mafagio. Miguu ilimuuma kuliko koo. Wakili akaja kukaa pembeni yake, akiwa na furaha ya mtu aliyemaliza.

“Mwalimu, leo ulinitia hofu. Sauti ilipokatika nilijua hatutaisikia tena ile.”

Mwalimu aliinua nyusi.

“Ile ya jibu.”

Hapo Redio alivunja amri ya daktari. “Jibu gani?” alinong'ona.

Wakili alimweleza kwa utaratibu, kama anavyoelezea waya upi unakwenda wapi. Majibu mengine mwalimu huyasoma kama mtu aliyechoka tu. Akifika kwenye lenyewe, anakuwa mwangalifu. Anakufa kabisa. Darasa lote linalijua, na darasa lililopita ndilo lililowaambia, nalo liliambiwa na la kabla yake. Mtu ambaye maisha yake yote karatasi haimwambii kitu, alisema, inabidi asikilize vizuri.

Kisha akaona uso wa mwalimu wake, na uwakili ukamrudia.

“Lakini mimi nilikuwa najibu mwenyewe kwanza, Mwalimu. Ile nilikuwa nahakikishia tu.”

Usiku ule fundi cherehani alimwona mkewe amelala macho wazi, akadhani ni koo. Mkewe alikuwa akipita majina. Muuguzi. Mafundi. Kila aliyefaulu tangu alipojifunza kufa. Nani alijibu mwenyewe kwanza na nani alisubiri sauti tu, hakuna mizani ya kulipima hilo. Alichojua ni kwamba akisema, wote watapimwa kwa mizani moja, Wakili akiwa wa kwanza.

Asubuhi aligonga mlango wa mkuu wa shule. Mkuu aliinua kidole kabla mgeni wake hajafungua mdomo.

“Hapana, dada. Daktari amesema hata kunong'ona marufuku. Kama ni la haraka, chukua kalamu.”

Alisukuma karatasi mbele yake. Redio aliishika kalamu. Alimtazama mkuu, miwani yake na uzi wake, vidole vilivyokuwa vinagonga silabi bila mwenyewe kujua. Nje, darasa la wadogo lilikuwa likipigia makofi neno “barabara”, likiangusha silabi moja kila mara, na mwalimu wao akianza upya. Aliirudisha kalamu mahali pake, akatikisa kichwa kuonyesha si la haraka, akaenda nyumbani kunyamaza, kama alivyoagizwa na mtaalamu.

Mwezi ulipokwisha sauti ilirudi, nzito kidogo. Hakuna aliyemuuliza chochote. Wakili alipokelewa chuo cha umeme, ambako inasemekana amekwisha kata rufaa mara mbili. Mjukuu aliombwa ampe bibi nafasi nyingine kwenye hadithi ya simba, akakubali kwa masharti.

Rekodi ya Idara imesambazwa vituo vyote. Wasomaji wapya hufanya mazoezi nayo wiki nzima, mstari kwa mstari, mpaka msimamizi asiweze kuwatofautisha na ile ya asili. Ufaulu wa watahiniwa wanaosomewa umepanda nchi nzima. Idara imeeleza kwamba ni kwa sababu ya madawati.